Kwa kinyume, si kinyumenyume
Jana jioni hapa Uyole, Mbeya, mtoto wa kaka kaniuliza: "Shangazi, 'kwa kinyume' kwenye hesabu maana yake nini?" Nikamjibu fasta: kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Eti mwalimu kalikataa jibu hilo!

Ikabidi nikae chini. Shamba la viazi, watu 6 wanapalilia siku 4. Wakiwa 12, siku 2. Wakiwa 3, siku 8. Zidisha: kila mara 24. Hapo ndipo hesabu inaposema "kwa kinyume".

Maharage je? Huku juu, mita 1,700 na ushei, maji yanachemka nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani (maharage yanachelewa kuiva, mkaa wangu unajua). Mwinuko umepanda, nyuzi zimeshuka, ila ukizidisha hupati namba ileile.

"Na kinyumenyume?" Hilo ni Fuso la viazi likirudi nyuma matopeni, mwanangu. Kalale.