Maiki ya utepe na sikio lake la nyuma

Mtu akikabidhiwa maiki, jambo la kwanza ni kuipuliza: fuu, fuu, moja mbili. Hii yangu ya utepe nisingethubutu. Ndani yake mna utepe, yaani ukanda wa alumini wenye unene wa mikroni chache tu, umekunjwakunjwa na kuning'inizwa katikati ya sumaku kali. Sauti inautikisa, na mtikisiko huo ndio unaozalisha umeme. Pumzi moja ya karibu inatosha kuunyoosha, na ukishanyooka ndiyo basi tena.

Niliifuata kwa sababu maiki yangu nyingine, ya aina ya kondensa, ilinichosha. Narekodi kwenye chumba cha kulala, na kila "s" ilitoka na makali ya wembe. Utepe hulainisha sauti za juu wenyewe. Kasoro yake ya tangu zamani, toka enzi kampuni ya Marekani ya RCA inazipeleka maiki hizi redioni miaka ya 1930, ni kutoa sauti ndogo mno. Ile isiyo na amplifaya yaweza kudai geini, yaani ukuzaji wa sauti, ya desibeli 60 na zaidi. Intafesi yangu ndogo, kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, ikifikishwa huko hulia shiii kama mafuta kikaangoni. Ndiyo maana nikachukua yenye amplifaya ndani, inayokula umeme uleule wa volti 48 wa kondensa. Geini sasa naishia 35 hivi. Wapo wanaoogopa kuwasha volti hizo kwenye utepe, na kwa zile za kizamani wana haki, maana kebo mbovu ikipitisha umeme upande mmoja utepe unaweza kuharibika. Yangu bila umeme huo ni bubu kabisa.

Rekodi ya kwanza ilinitia aibu. Nilisikika kama naimba ndani ya pipa. Niliilaumu maiki siku mbili nzima kabla ya kutazama kilichokuwa nyuma yake: ukuta mtupu, nusu mita tu. Nilijua kwamba utepe husikia kwa umbo la nane, mbele na nyuma sawasawa, ila kujua na kukumbuka ni vitu viwili. Kila neno liligonga ukuta, likarudi kupitia mgongoni mwa maiki likiwa limechelewa kidogo, likajichanganya na lenzake. Niliisogeza katikati ya chumba na kutundika blanketi mbili nzito nyuma yake. Pipa likaisha siku hiyohiyo.

Besi nayo ilinisumbua, kwa kuwa nimezoea kuimba midomo ikikaribia kugusa chuma. Kwenye utepe ukaribu huo huvimbisha sauti za chini mpaka maneno yanazama. Nilirudi nyuma sentimita 30, nikaweka kichujio cha pumzi katikati, na maiki nikaigeuza kidogo ili pumzi ipite kando.

Kilichonifurahisha zaidi ni uziwi wake wa pembeni. Nilivaa hedfoni, nikaizungusha maiki polepole huku nikisikiliza feni ya kompyuta, mpaka mngurumo ukafifia wenyewe. Hapo ndipo wazo la gitaa likaja. Mdogo wangu huimba huku akipiga gitaa na hawezi kuvitenganisha; ukimwambia arekodi gitaa kwanza, anasahau mashairi. Zamani sauti yake ikipandishwa, gitaa nalo linapanda. Safari hii niliiinamisha maiki hadi mbele yake ikaelekea mdomo wake na kitako kikaelekea tundu la gitaa, kwa kuwa juu na chini nako haisikii vizuri.

"Kaka, mbona umeipinda hivyo?" akauliza.

Nikamwambia aimbe tu. Gitaa lilibaki kwa mbali, kama lipo chumba cha pili, na lile lililonaswa na maiki nyingine niliyoliwekea nikalipima nitakavyo. Halikupotea kabisa, lakini kwangu ilitosha.

Sauti ikionekana nzito, naongeza desibeli 3 au 4 kwenye sauti za juu, kilohezi 10, na haikwaruzi. Kondensa yangu ukiifanyia hivyo utaomba msamaha. Kazi ikiisha nazima volti 48, nasubiri kidogo, ndipo nachomoa kebo. Maiki naivisha mfuko wake na kuihifadhi ikiwa wima.

Kondensa sijaiuza. Manyanga bado narekodi nayo, maana kwenye utepe yanasikika kama yamefunikwa taulo.