Moja Iliyogeuzwa Saba

Mafundi cherehani wa Mombasa huomba kimoyomoyo Ramadhani itimie siku thelathini. Mwezi ukiandama usiku wa kuamkia thelathini, mji mzima hufurahi isipokuwa fundi, kwa maana nguo alizozipangia siku mbili zatakiwa usiku huo huo. Tena hapa kwetu kila mwaka kuna wanaofuata mwezi wa Saudia na kuna wanaongoja tangazo la Kadhi Mkuu, kwa hivyo fundi huwa na Idd mbili za kukimbilia, na wateja wa pande zote mbili wamemsimamia kichwani.

Haya niliyajua mwaka 2011, nilipokuwa na miaka 22, nikifanya kazi katika duka la ushonaji kwenye kichochoro cha nyuma ya Mtaa wa Biashara. Mbele ziliuzwa kanzu, kofia na madira. Nyuma, nyuma ya pazia, tulikuwa sisi: mafundi wanne wanaume, ovaloki moja, meza ya kukatia, pasi mbili, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kuwapima wateja wanawake, kutia vifungo, kupiga pasi na kubandika nambari kwenye vitambaa ili nguo ya huyu isiende kwa yule. Vipimo vyote viliandikwa katika daftari moja kubwa la jalada gumu. Wanaume aliwapima tajiri mwenyewe, yaani mwenye duka.

Tajiri wetu alikuwa Muislamu kama sisi, akifunga kama sisi. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari za bosi mnyanyasaji hudhani ni mtu wa mbali. Yeye tuliswali naye msikiti mmoja. Kila Ijumaa ya Ramadhani alipeleka msikitini sinia za futari, sambusa na tende, na watu wakamuombea dua. Kisha akirudi dukani hakumwita fundi kwa jina. Alipiga meza kwa futi ya mbao, akasema, "Wewe," na kila mmoja alipaswa kujua ni yeye anayeitwa. Fundi akichelewa dakika kumi alikatwa pesa za kanzu moja. Ukilalamika jibu lake lilikuwa lile lile: "Mlango uko wazi. Nje kuna kumi wangoja hiyo nafasi yako."

Na kweli walikuwako. Mwaka ule maisha yalikuwa yamepanda vibaya. Sukari, ambayo nyumba ya Kiswahili haiwezi kuikosa Ramadhani, kwa uji, kwa kaimati, kwa tambi, ilikuwa imefika bei ambayo mama alinunua robo kilo badala ya kilo. Tulikuwa watu wanne nyumbani Likoni: mama, mimi na wadogo zangu wawili. Mama alikaanga viazi karai na bajia akauza kibarazani kuanzia Alasiri, na mshahara wangu ndio uliolipa kodi ya nyumba.

Kukata kulikuwa kazi ya mzee mmoja tuliyemwita Babu. Alikuwa amepita miaka 60, ana miwani ambayo mguu wake mmoja ulikatika akaufunga kwa uzi mweupe, akauzungusha mara nyingi mpaka ukawa mnene kama kidole cha mtoto. Nimewaona mafundi wengi tangu wakati ule, na sijamwona anayekata kama yule. Alikuwa akitandaza kitambaa, akikipapasa kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje mpaka kinyooke, akitia alama za chaki mbili tatu tu, kisha mkasi unakwenda bila kusimama, ukitoa sauti moja ndefu. Wengine hukata wakisimama, wakipima tena, wakirudi nyuma. Yeye alisema kitambaa hakipendi mtu mwenye shaka.

Alikuwa akinifundisha. Saa saba, wenzetu wakijilaza chini ya meza, yeye alinipa mabaki nikakata kola, na nikikosea hakusema kitu, alinipa kibaki kingine.

Katika kumi la mwisho tukawa hatutoki. Zamani tulikuwa tukiachwa saa kumi na moja jioni. Sasa tajiri alisema hakuna mtu kutoka mpaka kazi ya siku iishe, na futari yetu ilikuwa tende tatu na maji ya bomba. Siku nilizobahatika kutoka mapema nilifuturu ndani ya feri ya kuvukia Likoni. Bado naikumbuka ile: upepo wa kusi unavuma, watu wamebanana, na ikifika saa kumi na mbili na nusu adhana yasikika kwa mbali kutoka nchi kavu. Mtu usiyemjua akupitishia mfuko wa tende, wachukua moja, wampitishia wa pili. Hata wasiofunga walipokea, wakapitisha mbele.

Siku ya ishirini na tano alikuja mteja mmoja, mtu mzima mrefu, na kitambaa chake mwenyewe. Kilikuwa kitambaa kizuri cha kutoka Dubai, cheupe chenye kumeta kidogo ukikielekeza kwenye mwanga. Alitaka kanzu tatu za kipimo kimoja, yake na za ndugu zake wawili wa kimo chake. Mimi sikuwepo alipopimwa, nilikuwa nimekwenda kuswali Alasiri. Niliporudi nikapewa kitambaa nibandike nambari. Nikafungua daftari. Urefu, kwa mkono wa tajiri, kwa wino mweusi: 51. Nikabandika nambari, nikampelekea Babu kitambaa pamoja na daftari, akakata. Kanzu za inchi 51 tulikuwa tukikata nyingi, za vijana. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa maana jioni ile kulikuwa na kanzu nyingine 19 mezani.

Siku ya ishirini na saba yule mteja akaja kujaribu. Tulisikia upande wa mbele kimya, kisha sauti yake, wala hakupiga kelele: "Sasa hii ni kanzu au ni shati?" Nikachungulia kwenye pazia. Kanzu ilimfika katikati ya muundi.

Tajiri akaingia nyuma akilipeperusha daftari. Akamwita Babu kwa kumpiga kifuani na futi ya mbao, si kwa nguvu, lakini mbele yetu sote, na mbele ya mteja aliyekuwa ameshika pazia.

"Hapa pameandikwa nini?"

Babu akasema, "Hamsini na moja."

"Soma tena!"

Akamsogezea daftari usoni. Babu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu yake, akaivaa tena, akainama. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hamsini na saba."

"Macho yako yamekufa, mzee! Wakaa hapa kunitia hasara! Vitambaa vitatu hivi utalipa wewe, na mbele ya mtu huyu umtake radhi."

Babu akamtaka radhi. Mteja alikuwa muungwana, akasema, "Basi, mzee, yashakuwa," akaondoka akiwa ametazama chini. Tajiri akalitupa daftari juu ya meza yangu likafunguka pale pale.

Nikaliona. Ukurasa wote ulikuwa wa wino mweusi. Ile tarakimu ya pili ilikuwa na mstari mweusi uliosimama, na juu yake kikofia cha wino wa buluu, na katikati kistari cha buluu. Ilikuwa moja iliyogeuzwa saba. Kalamu ya buluu ilikuwa mfukoni mwa shati la tajiri, kifuniko chake chaonekana.

Akaniona nikitazama. Hakusema kitu. Alikuja akalifunga daftari polepole, akasema, "Mishahara nitalipa usiku wa mwezi. Kwa wale wenye adabu."

Nami nikanyamaza. Nilichukua kofia iliyokuwa mbele yangu nikaanza kuipiga pasi, na ilikuwa imeshapigwa. Nilikuwa nikihesabu: kodi ya nyumba, deni la mama la unga na mafuta, zakatul fitri pishi nne za mchele, moja kwa kila kichwa, na viatu vya wadogo zangu niliowaahidi kuwapeleka uwanja wa Makadara wakapande pembea. Nilihesabu hivyo mpaka Magharibi. Redio pale nyuma ilikuwa ikitoa darsa kama kila siku, na sheikhe akaitaja ile hadithi mashuhuri, kwamba mlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Fundi mmoja akainuka akaizima.

Siku mbili zile Babu aliendelea kukata, ila si kama zamani. Alipima mara tatu. Aliniita nimsomee namba. Mkasi ulisimama kila baada ya shubiri. Nilimsomea, na kila nikisoma koo lilinikauka, na sikusema.

Mwezi uliandama, tangazo likatoka, na mji ukafurika. Asiyewahi kuwa karibu na Mtaa wa Biashara usiku wa mwezi wa Idd hawezi kuujua: taa, mama wamebeba watoto waliolala, wauza hina, wauza marashi na udi, tuktuk zinapiga honi pasipo na njia. Tulishona mpaka karibu na alfajiri. Wateja wengine walivaa pale pale. Saa nane usiku tajiri akalipa. Mimi nililipwa zote, noti mpya. Babu akapewa bahasha, akaifungua, akahesabu, akairudisha mfukoni. Baadaye mmoja wa mafundi aliniambia alikatwa shilingi 4,500 za kitambaa.

Nilipata kazi nyingine miaka ya baadaye, na huko ndiko nilikoisoma Sheria ya Ajira ya 2007. Inasema mwajiri aweza kumkata mfanyakazi kiasi cha haki kwa hasara aliyoisababisha kwa makusudi yake. Kwa makusudi. Nililisoma neno hilo mara nyingi nikimfikiria yule mzee. Usiku ule hakuna aliyekuwa na habari nalo. Tulichokijua ni kwamba mlango uko wazi.

Asubuhi ya Idd mama alikuwa ametoa zaka kabla ya swala, pilau iko jikoni, wadogo zangu wanang'ara. Nilikula vijiko viwili. Alasiri nikavuka feri nikaenda Majengo kwa Babu, na sahani ya vileja iliyofunikwa kwa kitambaa. Nyumba ilijaa wajukuu waliokuwa wakihesabu mkono wa Idd. Nikamwambia, "Shikamoo, Babu. Idd Mubarak." Akanijibu, akanikaribisha mkekani. Mkewe akaniletea pilau na kachumbari.

Akaniambia, "Sirudi kule tena, mwanangu. Nitakaa hapa barazani nishone mapindo ya leso, nitie na viraka, yanitosha. Mkasi nauacha. Mtu akishaona moja mahali penye saba, asishike kitambaa cha watu."

Wallahi nilikuwa nimekwenda kuomba radhi kwa unyamavu wangu tu. Sikuwa nimefikiri kwamba ameamini. Nilidhani anajua kama nilivyojua mimi, na amemeza kwa sababu ya pesa kama nilivyomeza mimi.

"Babu," nikamwambia, "ilikuwa moja. Uliona sawa. Aliigeuza baadaye. Kuna wino wa buluu juu ya mweusi."

Hakusema kitu. Akavua miwani, akaishika kwa pale penye uzi, akauzungusha uzi kwa kidole gumba.

"Uliona lini?"

"Siku ile ile."

Wajukuu walikuwa wakigombania noti ya hamsini mlangoni. Akawatazama mpaka wakamaliza. Kisha akasogeza sahani karibu yangu, akasema, "Kula, yapoa." Nikala yote, kwa sababu sikuweza kufanya jambo jingine mbele yake.

Duka lilifunguliwa siku ya tatu ya Idd. Niliwahi kuliko wote. Nilikuwa nimeazimia kulichukua daftari, nimwekee tajiri mbele ya mafundi, kisha nimpeleke Babu ukurasa ule akauone mwenyewe kwa macho yake. Nikafungua penye nambari ya yule mteja. Hapakuwa na ukurasa. Ulikuwa umekatwa kwa wembe karibu kabisa na mshono, ukingo umenyooka, na chini yake mkato mwembamba umepita hadi kwenye ukurasa uliofuata.

Tajiri alipoingia nilimwambia hata hivyo. Nilisema mbele ya wote kwamba ilikuwa moja, na kwamba niliiona. Sauti yangu ilitetemeka. Akaniuliza, "Iko wapi?" Mafundi wakainamia vyerehani vyao, wala siwalaumu. Akanipa kanzu mbili nitie vifungo.

Nilifanya kazi pale miezi minne zaidi, mpaka mama alipomaliza deni. Kila Ijumaa nilipita Majengo. Babu alikuwa barazani na cherehani yake ya mkono, akishona mapindo ya leso. Mkasi ulikuwa umetundikwa msumarini, ukutani nyuma yake.