Starehe za Malindi Zina Saa Zake

Kila Desemba inapokaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa marafiki wa Nairobi wanaopanga kuja Malindi, na maswali yao huwa ni yale yale: baa ipi ni nzuri, wapi panapatikana kile chakula cha saa tano wanachokiita branchi, mtu atakimbia wapi asubuhi bila kusukumwa na bodaboda, na ni nani anayeuza kashata za kurudi nazo nyumbani. Majibu ninayo, lakini siku hizi hutanguliza swali langu, ambalo huwakera kidogo: mnakuja tarehe ngapi, na mnaamka saa ngapi? Mji huu si mgumu kuufurahia, ila karibu kila kizuri chake kina wakati wa kuiva na wakati wa kuchacha, na mgeni anayeishi hapa kwa saa za Nairobi huondoka akiwa amekula mahamri yaliyopoa, amekunywa mnazi wa jana na amekimbia katika jua la saa tatu.

Nianze na mbio, maana ndizo zinazomwadhibu mchelewaji upesi zaidi. Kukimbia huku hakufanani hata kidogo na kukimbia Iten, ambako wanariadha wetu hufanya mazoezi katika kimo cha takriban mita 2,400. Sisi tuko usawa wa bahari. Pumzi inapatikana tele, lakini hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ndiyo maana mtu anayemaliza kilomita kumi katika msitu wa Karura kule Nairobi bila taabu huanza kutafuta kivuli cha mvinje kabla hajafikisha nusu ya hizo. Jua letu huchomoza baina ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ikigonga saa moja na nusu, anayekimbia kwa raha anapaswa kuwa tayari anaoga. Wazee wanaotoka msikitini watakusalimu kwa upole, watoto watakuuliza unafukuzwa na nani, na mwendesha bodaboda atapunguza mwendo ajue kama umechoka vya kutosha kupanda.

Mimi hukimbilia ufuoni. Naanzia karibu na gati, napita mbele ya mji wa kale hadi kwenye rasi penye nguzo ya Vasco da Gama, yule nahodha Mreno aliyefika hapa Aprili 1498 na kupewa na mfalme wa Malindi rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Hapo pana miamba, kwa hivyo napanda barabarani kidogo kisha nashuka upande wa pili, nikifuata mchanga wa Silversand kuelekea Casuarina, kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Ufuo wa mjini ni mpana, na upana huo tumeletewa na mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi na baadaye Galana. Mto huo humwaga udongo mwekundu baharini kaskazini mwa mji, na upepo wa kaskazi huusukuma udongo huo hadi kwenye ghuba yetu, hata maji yakawa ya rangi ya udongo katika miezi ile ile wageni wanayoijia. Wao hulalamika kwamba bahari haikufanana na picha. Wakimbiaji wanayo sababu ya kuushukuru mto.

Hata hivyo mchanga huo mpana na mgumu huonekana maji yakipwa tu, na hapa ndipo ninapouliza tarehe. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Anayefika ufuoni saa kumi na mbili siku hizo hukuta maji bado yamepanda, na humbidi akimbie kwenye mchanga laini wa juu, ambao unanyonya nguvu na kuumiza vifundo vya miguu. Kwa kuwa maji huchelewa kwa takriban dakika hamsini kila siku, mtu akihesabu kurudi nyuma anapata siku nzuri za kukimbia alfajiri: karibu na tarehe 10 au 11 za mwezi wa Kiislamu, na tena karibu na tarehe 25 au 26, wakati maji yanapokupwa pamoja na kuchomoza kwa jua. Asiyejua tarehe hizo amuulize mvuvi yeyote, naye atamjibu bila kutazama kalenda. Ninaongeza jambo moja dogo kwa wenye magoti mabovu: ufuo huinamia baharini, mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwingine, kwa hivyo rudi kwa njia ile ile uliyoendea ili miguu yote miwili igawane adhabu.

Kusema kweli, branchi ndiyo inayonipa shida kueleza. Chakula bora cha asubuhi katika mji huu hakimngoji mtu hadi saa tano. Unga wa mahamri hukandwa usiku kwa tui, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha hukatwa na kukaangwa alfajiri. Mbaazi zilizolowekwa tangu jana huchemshwa hadi zilainike, zikatiwa tui jepesi kwanza na tui zito mwishoni. Mwanamke anayeuza mtaani huweka karai lake nje saa kumi na mbili, na saa tatu anakwangua sufuria. Ukimfikia saa tano utamkuta amelala, na ana haki ya kulala. Hamri la jana linalopashwa moto mkahawani kwa bei mara kadhaa ya lile la mtaani silikubali, hata likiletwa juu ya ubao wa mbao na jani la mnanaa, kwa sababu uzuri wake ni ule utupu wa ndani wenye mvuke, na mvuke huo hauwekeki.

Saa tano ni saa ya Waitaliano. Walianza kuwa wengi hapa tangu miaka ya 1960, wakati nchi yao ilipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni, kaskazini mwa mji. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimikwa baharini, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake. Wahandisi walifuatwa na watalii, watalii wakafuatwa na wapishi, na leo kijana anayeuza vinyago ufuoni huenda akabishana bei kwa Kiitaliano fasaha kuliko Kiingereza chake. Basi aliyechelewa kuamka aende kwenye mikahawa yao ya barabara ya Lamu, apate kahawa nzito ndani ya kikombe kidogo na mkate wa siagi uliokunjwa. Nao wana saa zao, tena kali: kahawa yenye maziwa na povu ni ya asubuhi, na mzee wa Kiitaliano akimwona mtu anaiagiza baada ya chakula cha mchana hufinya uso waziwazi.

Lakini wageni wangu mwenyewe siwapeleki mkahawani. Nawapikia nyumbani kitu ambacho saa tano inakifaa kweli, nacho ni mkate wa sinia. Mchele huloweshwa usiku, asubuhi husagwa kwa blenda pamoja na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, kisha ukaachwa hadi uanze kutoa mapovu, kazi inayochukua muda ule ule ninaoutumia kukimbia, kuoga na kupita sokoni kutafuta changu waliotoka mashuani. Mkate hupaliwa moto juu na chini, yaani makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya kifuniko, na hapa pana uamuzi usiofundishika kwa maneno: makaa ya juu yakizidi, uso unaungua na tumbo linabaki bichi. Changu huchomwa kwanza, ndipo wakapakwa tui lililopikwa na kitunguu saumu, bizari, pilipili na ndimu hadi likawa zito la kugandamana na samaki. Kando huwa na viazi vya karai, chatini ya ukwaju na jagi la juisi ya mabungo. Wifi yangu, ambaye ni mpishi mzuri kuniliko na hapendi kulificha hilo, hudai kwamba chakula hiki ni cha mchana kilichowahi. Sibishani naye, maana yeye ndiye anayechunga makaa.

Kuhusu baa, wasomaji wangu wasiotumia vileo wanivumilie kidogo. Anayetaka kuunganisha branchi na glasi akumbuke kwamba sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho, iliziwekea baa saa za kufungua: saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi na sikukuu, na kufunga ni saa tano usiku. Kuhusu baa za barabara ya Lamu sina mengi ya kusema. Muziki ni wa juu, kuku wa kuchoma ni wazuri, na mtu huzipata mwenyewe kwa kufuata sauti. Nitasahihisha ombi moja tu, la wale wanaotaka baa ya ufuoni wakaangalie jua likitua. Ufuo wa Malindi unatazama mashariki. Jua hutoka baharini na kutua barani, nyuma ya minazi na mapaa ya mabati, na mtu aliyelipia meza ya mbele kwa ajili ya machweo atatazama maji yakigeuka kijivu. Aje tarehe 14 au 15 za mwezi wa Kiislamu, aketi mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni akiangalia bahari, na mwezi mpevu utamtokea hapo mbele, mkubwa na mwekundu, bila ada ya ziada.

Baa yetu ya asili ni mangwe, nayo utaikuta ukitoka mjini kuelekea vijiji vya Wagiriama kama Ganda: paa la makuti, viti vya mbao, na mazungumzo yasiyoshindana na spika. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata kipande chembamba cha ncha ya panda ambalo ua lake halijafunguka, na maji matamu hudondoka ndani ya chombo alichokifunga pale juu. Maji hayo huanza kuchacha humo humo chomboni, kabla hata mgema hajashuka. Mchana yanachangamka, jioni yanakuwa makali, kesho yake yana uchungu, na yakiachwa zaidi yanakuwa siki, ambayo wapishi wanaitumia vizuri sana. Mgeni anayetangaza kwamba mnazi ni mbaya mara nyingi amepewa wa jana. Ule uliogemwa alfajiri ukanywewa mnamo saa nane mchana, saa ile ile ambayo sheria inaanza kuruhusu wikendi, ndio ninaoupenda, kwa kuwa umepata ukali na utamu haujautoka wote. Anayekukaribisha huonja kwanza mbele yako, na wazee hupewa kabla ya vijana. Huko kinywaji hiki si cha starehe pekee: posa ya Kigiriama haiendi bila kadzama, mtungi wa mnazi unaopelekwa kwa wazee wa upande wa msichana.

Asiyekunywa hakosi barazani. Baada ya alasiri muuza kahawa hupita katika mji wa kale na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe, na kahawa yake chungu haina maana bila kitu kitamu cha kuisindikiza.

Kitu hicho, nikiulizwa mimi, ni kashata ya nazi ya jirani yangu. Yeye hapiki kwa kipimo. Hukuna nazi, huchemsha shira ya sukari na iliki, na huichovya kwa kijiko akaivuta baina ya kidole gumba na cha shahada. Ikitoa uzi usiokatika upesi, nazi inaingia. Halafu hukoroga bila kupumzika mpaka mchanganyiko uachane na sufuria, akaumimina kwenye sinia na kuukata vipande vya pembe nne za mshazari ungali moto, kwa kuwa ukishapoa utavunjika ovyo. Vipande hivyo huviuza mlangoni pamoja na achari za embe na mabuyu mekundu, ambayo zamani aliyafunga katika vifuko vya plastiki. Marufuku ya mwaka 2017 ilipokuja alihamia vikopo, na watoto wakalalamika kwamba kikopo hakinyonyeki.

Mwezi wa Mei nilimwuliza mbona sinia haipo mlangoni.

"Sukari inalia, mwanangu," akanijibu. "Njoo kesho nikukaangie kaimati."

Ni kweli, wakati wa masika sukari huvuta unyevu wa hewani, na kashata iliyotoka sufuriani ikiwa kavu huanza kutoa maji kabla ya jioni. Kaimati hazina taabu hiyo kwa sababu hazilali: hukaangwa, hutiwa shira, huliwa. Kwa hivyo anayekuja kati ya Desemba na Machi abebe kashata ya nazi na kuila ndani ya siku mbili tatu, au achukue ya njugu ambayo inavumilia zaidi. Anayekuja masika abebe halua, kwa kuwa ile samli yake huihifadhi majuma kadhaa. Na anayepanda basi la usiku kwenda Nairobi asiziweke kwenye buti pamoja na masanduku. Azipakate, na amwonjeshe kidogo jirani wa kiti, kwani harufu ya iliki itakuwa imeshamwomba.