Picha za Harusi Zinazowafaa Wenyewe

Maharusi wengi wa Dar es Salaam huchagua mpiga picha kwa kupitia ukurasa wake wa Instagram, ilhali picha zinazovutia pale ni za watu wanaopenda kutazamwa, na si kila bwana na bibi harusi wako hivyo. Wenye haya, kwa maoni yangu, wafuatwe kimyakimya: mpiga picha akae pembeni na lenzi ndefu, amnase shangazi akimtengenezea bibi harusi mtandio huku pini amezibana midomoni. Wanaofurahia kupangwa wapelekwe ufukweni saa 11 jioni, kwa kuwa jua la adhuhuri huku kwetu hukaa utosini na kutia vivuli machoni, na likianza kuzama halingoji mtu (wala foleni ya Barabara ya Bagamoyo).

Kwa harusi za Zanzibar, ambako mara nyingi ndoa hufungwa msikitini na bibi harusi akiwa nyumbani na wanawake wenziwe, suala la kwanza si mtindo bali ni nani ataruhusiwa kuingia ndani; atafutwe mapema mpiga picha mwanamke, naye aelezwe waziwazi ni picha zipi zisiwekwe mtandaoni.