GAD-7: alama kumi bado si ugonjwa

Dodoso la GAD-7, la kupima wasiwasi, lililochapishwa mwaka 2006 na Robert Spitzer na wenzake, lina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita: kuwa na hofu, kushindwa kuzuia mawazo, kukosa utulivu, kukasirika upesi na kadhalika. Kila jibu hupewa 0 hadi 3, jumla 21. Kuanzia 5 wasiwasi ni mdogo, 10 wa kati, 15 mkali.

Makosa mengi huanzia kwenye majibu, si maswali. Ukimsomea mtu jibu la “zaidi ya nusu ya siku”, ataelewa kutwa moja, tangu asubuhi hadi alasiri! Sema “siku nane au zaidi kati ya 14”. Na akijibu “ndiyo” tu, usimkadirie alama. Muulize ni siku ngapi.

Kipimo cha wasiwasi cha Hamilton cha mwaka 1959 ni kitu kingine. Hapo mtaalamu ndiye anayepima, vipengele 14, kila kimoja 0 hadi 4, jumla 56. Kinagusa sana mwili: moyo kwenda mbio, tumbo, usingizi. Kwa hiyo tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au miraa ya jana usiku, huweza kupandisha alama bila kuwapo ugonjwa wa wasiwasi. Uliza hayo kwanza.

Alama 10 za GAD-7 zinamaanisha mahojiano kamili yafanyike. Dawa haziandikwi kwa kujumlisha tu.