Shingo yangu na kofia za vito: nilivyopona bila kupindwa na mtu

Mimi nashona kofia za vito hapa Lamu, zile za vitundu vidogo vidogo vya kushonwa kwa mkono, na Mfungo Sita ikikaribia oda zinamiminika manake kila mtu ataka kofia mpya ya Maulidi. Msimu uliopita shingo ilinikaza mpaka mtu akiniita lazima nigeuke mwili mzima. Maumivu yaanzia kisogoni yashuka begani, na jioni kichwa nacho chauma.

Ushauri sasa, ya rabi! Huyu asema ni upepo wa feni, yule asema mto wako mrefu, shangazi yangu akasema ni mshipa umepanda juu ya mwenziwe, akaniletea bibi wa kukanda. Kukandwa na mafuta ya simsim yamepashwa moto kulinipa raha, silikatai hilo, lakini mwisho akanishika kidevu na kisogo ataka kuipinda shingo ilie. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia bibi, hapo basi, shukran. Shingoni mna mishipa ya damu yapanda kwenye ubongo, ikichanika kwa kupindwa mtu aweza kupata kiharusi, msikubali kabisa! Kwenye duka la dawa nako nikauziwa ukosi wa sponji, nikaambiwa niuvae kutwa na kulala nao. Joto, jasho, vipele, na nilipouvua shingo ilikuwa dhaifu kuliko mwanzo, kwa sababu misuli ikishikiliwa tu muda mrefu yalegea.

Aliyenisaidia ni fizio wa hospitali, yule mtaalamu wa kutibu viungo na misuli kwa mazoezi, na kabla hajanigusa aliniuliza: mkono wafa ganzi? Uliangukia kichwa? Una homa? Akanieleza kwamba ganzi au umeme ukishuka mkononi mpaka vidoleni huenda ni neva imebanwa. Pingili za shingo, ambazo ni 7, husagika na umri, na eksirei yaweza kuonyesha hivyo hata kwa mtu asiyeumwa popote. Lakini shingo ngumu na homa kali na mwanga waumiza macho, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, na vilevile miguu ikianza kulegea, au maumivu ya shingo na taya yakija pamoja na kubanwa kifua, manake hapo huenda ni moyo. Yangu ilikuwa misuli tu. Kichwa ni kilo nne tano hivi, na ukiinama kutwa misuli ya nyuma ndiyo inayokizuia kisianguke.

Akaniambia niinue kazi, nisiishushe shingo. Hapo ndipo nilipotumia akili yangu mwenyewe na najivunia. Nilipakata mito miwili, ikawa yateleza kila nikivuta uzi, basi nikaifunga pamoja na leso kuukuu nikaizungushia kiunoni, juu yake kibao cha kukatia mboga, viwiko vikapata pa kukaa na kofia ikanijia usawa wa kifua. Bado nikawa nainama! Kumbe kitambaa cheupe na uzi mweupe, vile vitundu havionekani mpaka uvifuate na pua. Nikakata kipande cha buibui jeusi nikakitia chini ya kitambaa, na wallahi kila kitundu kikatokeza peke yake, nikakiona nimeegemea ukuta. Miwani ya kusomea nayo nikanunua baada ya kupimwa macho, mia kadhaa tu, ule ukosi ulinila zaidi.

Na kila uzi ukiisha sindanoni, kabla ya kutunga mwingine, narudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, nashikilia kidogo, naachia, halafu nazungusha mabega. Usingoje iume ndio ufanye.

Ikachukua wiki kadhaa ikaachia pole pole. Siku za kazi nyingi hukaza kidogo ikifika alasiri, naweka taulo la maji moto begani naendelea. Shangazi bado asema ni ule mshipa umeshuka, lakini leso ya mito ashanikopa na ameanza kuchambulia mchele juu yake.