Nauli ya baiskeli

Kabla hujanicheka kwa nini nilichomoka peke yangu kwenye mbio za baiskeli, milima ya Irangi, ngoja nikuoneshe risiti. Euro 75. Nauli ya baiskeli hiyo, si ya mtu, Bologna, huku Italia, hadi Dar, kwenda tu. Igeuze shilingi mwenyewe, halafu uniambie fundi wa pale Kondoa angekuuzia nini kwa hela hiyo.

Risiti hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani asubuhi ya mbio. Kondoa mjini hadi Bereko na kurudi, kiingilio elfu tano, jina linaandikwa kwenye daftari la shule, basi. Italia hawakuruhusu kushindana, hata mbio za wazee wa mtaani, bila cheti cha daktari. Wanakubandika nyaya kifuani, wanakupulizisha mrija, na mkojo unawaachia. Mimi nilitozwa euro 60. Ndiyo maana nyie mnaoniandikia saa nane usiku "kaka nivute huko" huwa nawajibu kwa ukali: mshahara mnaupigia hesabu kwa shilingi, lakini mtaula kwa euro. Napanga vifurushi ghalani, zamu ya usiku, na baiskeli yenyewe nilinunua mwaka wa tatu, mtumba, kwa mzee aliyeharibikiwa goti.

Tulikuwa kama thelathini. Wengi wako kwenye Phoenix za gia moja, madigadi yameng'olewa kupunguza uzito. Mimi nina gia ishirini na kaptula ya kubana ambayo shangazi alipoiona aliniuliza nguo nyingine nimesahau wapi. Sasa mtu wa namna hiyo, aliyelipa nauli mbili, anakaaje katikati ya kundi kama abiria?

Tulipopita Kolo, pale wazungu wanaposhuka kwenda kuangalia michoro ya mapangoni, barabara ikaanza kupanda. Nikachomoka. Hesabu yangu haikuwa mbaya: mlimani mwendo ni mdogo, anayejificha nyuma ya mwenzake hafaidi sana, kwa hiyo mwenye miguu anaweza kuondoka. Na miguu ninayo. Bologna kila wiki napanda kilima cha San Luca, kilomita mbili zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 10, na kuna kona inafika 18. Nikageuka, barabara nyuma yangu tupu. Watoto wanapiga kelele "Mzungu!", na mimi ni mweusi kuliko lami. Bereko nikageuza peke yangu. Raha niliyoisikia pale siwezi kuieleza.

Ilidumu mita mia tatu hivi. Upepo wa Julai unatoka kusini mashariki, na mimi wakati wa kwenda nilidhani ni nguvu zangu. Kumbe nilikuwa nimebebwa. Sasa ukanipiga usoni kama mlango. Nikashusha gia, nikashusha nyingine, nikainama hadi kidevu kikagusa usukani. Nyuma wakaanza kuonekana, mstari mmoja, wanapokezana upepo kama wanawake wanaopokezana mchi: huyu mbele kidogo, anatoka, mwingine anaingia. Hawakunitazama hata mara moja walipokuwa wananipita. Heri wangenizomea.

Wa mwisho alikuwa mzee wa miaka hamsini na zaidi, muuza asali, kwenye Phoenix. Akapunguza mwendo. "Mwanangu, kaa mgongoni kwangu." Sikuwa na pumzi hata ya kumwamkia. Nikaingia nyuma yake, upepo ukakatika, nikapumua. Akauliza bila kugeuka, "Wewe wa kwa nani?" Nikataja jina la babu. Akanyamaza mizunguko michache ya pedali. "Aliyehama na ng'ombe wakati wa HADO?" Ndiye. HADO ni ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma; mwaka 1979 serikali ilipoitoa mifugo yote ili makorongo yapone, babu aliondoka na kundi lake na hakurudi. Mzee akanihadithia ng'ombe za babu kwa rangi zao, moja moja, mpaka tukauona mji wa Kondoa, mimi mgongoni kwake kama mtoto aliyefungwa kanga.

Nisiwasingizie Waitaliano. Siku niliyopasukiwa tairi porini walisimama wanne, mmoja akanipa mpira wake wa ndani na akakataa hela. Ila miaka mitano naendesha nao, wanajua uzito wa baiskeli yangu hadi gramu. Mimi ni wa kwa nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Mzee alimaliza wa kumi na moja. Mimi wa kumi na mbili; nilikuwa nimepata pumzi ya kumpita, lakini ningeenda kumwambia nini shangazi?

Kurudi sikuilipia tena nauli, nimemwachia mpwa wangu. Jana katuma picha: fundi kaifungia keria ya nondo, madumu mawili ya maji yananing'inia ubavuni. Nikamuuliza, na zile gia?

"Mjomba, tatu tu ndizo zinatumika. Nyingine nilidhani ni urembo."